MASKI: KUCHAGUA SEHEMU YA PICHA BILA KUIKATA

Kila tunapotayarisha jarida hili tatizo ni lile lile. Picha ya chama ni moja tu, nyuma ya vichwa vyetu kuna kamba ya nguo, na ndugu zetu wa kidato cha nne wamekwisha kwenda zao, hawawezi kupigwa picha tena. Wengi hukimbilia kifutio cha kompyuta. Mimi napinga! Ukishafuta na kuhifadhi, kisha ugundue sikio la mtu limekwenda na kamba, utalitafuta wapi?

Dawa yake ni maski. Mmewaona mafundi wa jua kali wanaopaka magari rangi? Kabla ya kupuliza hubandika magazeti kwenye vioo. Rangi huruka huku na huku, kioo hakiguswi. Basi maski ndiyo gazeti lenyewe, ila hili waweza kulibandua na kulibandika hata mara mia.

Mimi hutumia GIMP, programu ya bure. Fungua picha, bonyeza Shift na Q kwa pamoja. Lo! Picha nzima imekuwa nyekundu. Usishtuke, wekundu huo haumo pichani. Wasema tu kwamba hapa hapajachaguliwa. Chukua brashi, weka rangi nyeupe, upake juu ya watu. Wekundu unatoka. Ukipita mpaka, paka nyeusi, nao unarudi. Bonyeza tena Shift na Q, utaona vistari vikiwazunguka watu wako kama siafu.

Utamu hasa uko kwenye kijivu. Katika picha ya kawaida ya biti 8, maski ina ngazi 256, kutoka 0 ambayo ni nyeusi hadi 255 ambayo ni nyeupe. Kijivu cha 128 huchagua nusu nusu. Ndiyo sababu brashi yenye ukingo laini huzitendea haki nywele. Ukikata kwa mstari mkavu, kichwa cha mtu hufanana na kabichi.

Sasa ugeuze uchaguzi huo uwe maski ya tabaka. Nyeupe huonyesha, nyeusi huficha. Kamba ya nguo bado ipo, imefichwa tu. Sikio nalo likipotea, lipake nyeupe, litarudi. Hifadhi kwanza faili ya XCF, kwani JPEG haibebi maski. Hiyo ya JPEG itoe mwisho kabisa, ya kumpelekea mpiga chapa.