Rubondo: Kisiwa cha Sokwe Waliotoka Ulaya

Mgeni aliyezoea Serengeti akifika Rubondo huuliza simba wako wapi. Hawapo. Ndiyo maana kisiwa hiki cha Ziwa Victoria, chenye kilomita za mraba zipatazo 240, kinatembelewa kwa miguu. Askari wa hifadhi hufuatana nawe, wala si pambo: tembo na viboko wapo.

Kilitangazwa pori la akiba mwaka 1965, kikawa hifadhi ya taifa 1977. Mhifadhi Mjerumani Bernhard Grzimek na shirika lake la uhifadhi la Frankfurt walikiona kama mahali ambapo maji yenyewe ni ua, wakaleta wanyama wa kila namna, twiga, tembo, mbega, hata faru, ambao hawakudumu. Lakini jambo lililokipa kisiwa jina ni sokwe 17 walioachiwa kati ya 1966 na 1969. Walikuwa wamekamatwa wadogo huko Afrika Magharibi, wakakulia kwenye vizimba vya Ulaya. Hakuna aliyewafundisha maisha ya msituni. Walifunguliwa tu, wakaingia porini. Madume wawili walioshambulia watu walipigwa risasi. Waliosalia walijifunza wenyewe matunda yanayolika, wakaanza kukunja matawi kuwa vitanda vya kulalia juu ya miti, wakazaa. Vizazi vilivyofuata vikawa sokwe mwitu hasa, wanaomkwepa binadamu.

Leo nisingeunga mkono jaribio kama lile. Sokwe wa Afrika Magharibi ni nususpishi tofauti na wale wenyeji wa hifadhi za Gombe na Mahale, na kuwachanganya kungeharibu ukoo wa wenyeji. Bahati nzuri Rubondo haikuwa na sokwe wake.

Mnyama wa asili wa kumtafuta ni nzohe, swala wa vinamasi. Amka alfajiri, tazama kingo za matete. Kwato zake ndefu hupanuka asizame topeni, na akishtuka huzama majini akaacha pua tu nje.

Wengi huenda kwa boti kutoka Nkome, Geita, au Kasenda, Chato. Wenye uwezo hupanda ndege Mwanza. Kwa sokwe utalazimika kupanda na kushuka msituni kwa saa kadhaa, na unaweza kuambulia kelele tu. Halafu, maradhi yetu ya kifua huwaua. Mwenye mafua abaki kambini. Akitaka, akate kibali akavue sangara.