Viatu vya Mkongwe: Kuchagua Rimu na Mipira ya Volkswagen ya Zamani

Waswahili tumezoea kusema kwamba mchagua nazi hupata koroma. Katika mambo mengi msemo huu ni wa kweli, lakini mwenye gari kuukuu asiende nao dukani anapotaka kununua mipira. Hapo kuchagua ni lazima, tena kuchagua sana, kwani kile kipande cha mpira kinachogusa lami chini ya kila gurudumu hakizidi sana kiganja cha mtu mzima, na viganja vinne hivyo ndivyo vinavyombeba baba, mama, watoto na kapu la maembe kutoka Kisauni hadi Malindi.

Leo, msomaji, nataka tuzungumze juu ya gari moja tu, nalo ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Kiwanda cha Puebla, huko Mexico, kilitoa la mwisho tarehe 30 Julai 2003, na kwa hesabu ya wenyewe lilikuwa ni la 21,529,464. Wapenzi wa mashindano ya Safari watakumbuka kwamba gari hili liliondoka na ushindi mwaka 1954, 1957, na tena 1962, usukani ukiwa mikononi mwa Tommy Fjastad. Basi si gari la kudharauliwa. Lakini ni gari la mizani yake mwenyewe, na asiyeijua mizani hiyo huliharibu kwa mapenzi.

Mengi ya magari haya sasa ni ya urithi. Mzee amekwenda zake, Mungu amrehemu, na gari limebaki chini ya mwarobaini, mipira imelala, jua na chumvi vimekula walivyokula. Mara wanatokea ndugu wawili. Mdogo anataka rimu pana za aluminiamu zinazometameta, ili wakipita Mji wa Kale watu wageuze shingo. Mkubwa anataka zile zile za chuma alizoziacha baba, na vifuniko vyake vya fedha. Nimesikia ugomvi wa namna hii zaidi ya mara moja, na kila mara naona wote wawili wanabishana juu ya macho ya watu, ilhali gari lenyewe halijaulizwa.

Ukiliuliza, la kwanza litakalokujibu ni matundu. Volkswagen za zamani zilifungwa rimu kwa bolti tano zilizopangwa juu ya duara la milimita 205. Kuanzia magari ya mwaka 1968 aina nyingi zikageuzwa kuwa na bolti nne juu ya duara la milimita 130. Ukiwa na matundu manne kazi ni nyepesi: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili. Rimu ya mpango mmoja haiingii katika ngoma ya mpango wa pili, na fundi akikuambia ataitoboa upya kwa keekee ya mkono "ikae tu", mshukuru kwa heshima na uondoke na gari lako. Tundu lililokwenda kombo kidogo hulifanya gurudumu kucheza, na bolti inayochezewa kila siku mwisho hukatika.

Hata matundu yakilingana, bado kuna kichwa cha bolti. Bolti za asili za gari hili zina shingo ya mviringo kama mgongo wa kijiko, na rimu yake ya chuma ina kikombe cha namna hiyo hiyo. Rimu nyingi za aluminiamu zinazouzwa mitaani zinataka shingo ya pia, iliyochongoka. Ukiweka mviringo ndani ya pia, bolti hushika ukingoni tu. Utaikaza leo, kesho imelegea. Tena rimu ya aluminiamu ina unene zaidi, hivyo bolti ya zamani huenda ikawa fupi kwake. Njia rahisi ya kujua ni hii: funga rimu ya asili kwa mkono na uhesabu mizunguko ya bolti hadi ishike. Rimu mpya isikupe mizunguko pungufu ya hiyo. Ikipungua, tafuta bolti ndefu.

Sasa tuje kwa upana, ambako ndugu mdogo ana hamu napo. Rimu za Volkswagen za miaka ya sabini aghalabu zina upana wa inchi 4½, na mpira wake ni 165 wa rimu ya inchi 15. Siku hizi huandikwa 165/80 R15. Maana ya tarakimu hizi ni kwamba mpira una upana wa milimita 165, na ubavu wake una kimo cha asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 132. Jumlisha mbavu mbili na inchi 15 za rimu, utapata gurudumu la kimo cha milimita 645. Mpira wa 195/65 R15, ambao haupotei madukani, una kimo cha milimita 634 na nusu. Tofauti hiyo si kubwa, na kilometa zinazoonyeshwa mbele ya dereva hazitapotoka sana. Lakini mpira huo unataka rimu isiyopungua inchi 5½. Kuulazimisha juu ya rimu ya 4½ ni sawa na kutweka tanga la jahazi juu ya mlingoti wa mashua: unasimama, ndiyo, mpaka upepo uje.

Na rimu pana nayo ina swali lake: uso wake unaoegemea ngoma uko wapi ukilinganisha na katikati ya rimu? Rimu ikitokeza sana nje, mpira hukwaruza bawa la gari kila unapopita tuta, usukani huwa mzito, na beringi hubeba mzigo kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuubeba kifuani. Beba ndoo ya maji kwa mkono ulionyoosha mbele ndipo ujue beringi inalalamika nini.

Katika mipira yenyewe kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami, nalo ni umri. Ubavuni, baada ya herufi DOT, mwishoni mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa 2319, mpira ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona tarakimu tatu tu, ni wa kabla ya mwaka 2000, na haufai hata kwa bembea ya watoto. Kuna duka moja hapa Mombasa nililoonyeshwa mipira minne "mipya kabisa", meno yake hayajaguswa, bado ina vinywele vyake. Nikainama, nikasoma: ilikuwa na miaka tisa. Muuzaji akaniambia mpira si samaki, hauozi. Nilicheka, nikamwaga, nikaenda zangu. Mpira huoza, ila hautoi harufu. Unakauka, unafanya nyufa ndogo ndogo ubavuni, na siku ya safari ya Nairobi, baada ya Mariakani, joto likipanda na mizigo ikiwa imejaa, unapasuka. Watengenezaji wengi husema mpira ukipita miaka mitano ukaguliwe kila mwaka, na ukifika kumi uondolewe, hata ukiwa na meno. Meno nayo yana alama yake: vijiti vidogo ndani ya mifereji. Yakifika usawa wa vijiti hivyo, yaani milimita 1.6, mpira umekwisha kazi.

Wengine wana mipira ya zamani ya nyuzi za kukatana, na wanataka kubadilisha miwili tu iwe ya radiali kwa kuwa mfuko umebana. Aina mbili hizi zisikae kamwe kwenye ekseli moja. Ikiwa hapana budi, za radiali zikae nyuma. Na kwa Volkswagen nyuma ndiko kwenye injini na ndiko kwenye uzito. Mkia wake ukiteleza katika kona yenye mvua, dereva hapati nafasi ya kufikiri. Mipira iliyo bora zaidi iende huko.

Hapa ndipo mafundi wa pancha wa kando ya barabara wanapolionea gari hili. Wao wamezoea magari ya kisasa, basi hutia upepo pauni 32 au 35 pande zote, wakapiga kofi mpira na kukuambia tayari. Kobe hataki hivyo. Kwa mipira ya radiali hutaka kama pauni 18 mbele na 27 nyuma, kwa kuwa mbele ni kwepesi. Ukijaza kupita kiasi huko mbele, gari litarukaruka na kutangatanga, na mpira utakwisha katikati huku kingo zikibaki nzima. Simama mwenyewe karibu na kipimo.

Kwa sisi wa pwani limebaki la kutu. Kabla ya kuvika mpira mpya, rimu ya chuma isuguliwe mpaka chuma kitoke, hasa pale mdomo wa mpira unapokaa, kisha ipakwe rangi. Rimu ikiwa haina lile tuta dogo la ndani la kuzuia mpira usivuke, tumia tyubu, na tyubu iwe mpya kama mpira.

Na usisahau la akiba lililolala mbele chini ya boneti. Katika nyingi za gari hizi upepo wa gurudumu hilo ndio unaosukuma maji ya kuoshea kioo, kwa mpira mwembamba uliounganishwa na vali yake, na ndiyo sababu hutiwa upepo mwingi kuliko mengine, kama pauni 42. Maji ya kioo yakianza kutoka kwa unyonge, kapime la akiba siku hiyo hiyo.