Uliza gharama kabla ya kupasuliwa

Mgonjwa anapoambiwa atapasuliwa, jamaa huuliza siku ya kulazwa wakasahau kuuliza bei. Bili inapotolewa ndipo harambee huitishwa.

Nchini Marekani, sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2022 inazitaka hospitali na madaktari wampe mgonjwa asiye na bima makisio ya gharama kwa maandishi. Matibabu yakipangwa siku 10 za kazi au zaidi kabla ya kufanywa, makisio hutolewa katika muda wa siku 3 za kazi. Bili ikizidi makisio kwa dola 400 au zaidi, mgonjwa anaweza kulalamika katika muda wa siku 120 tangu tarehe ya bili.

Makisio si bei ya mwisho. Kidonda kikiingia viini, siku za wodini huongezeka na gharama hupanda. Kinachotakiwa ni hesabu ya kweli ya yale daktari anayotarajia.

Nawe msomaji usione haya kuuliza. Je, bei hiyo ni pamoja na ada ya daktari wa upasuaji na wa nusukaputi, dawa, damu na vipimo? Mgonjwa atalazwa siku ngapi? Kila siku ya ziada ni pesa ngapi? Majibu yaandikwe.

Hata hivyo, dharura haingoji hesabu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mkimbize mgonjwa hospitalini kwanza.