Breki ya Mkono Isiyogusa Tairi

Hakuna maneno yanayoniudhi kama ya mtu anayesimama kando ya Land Rover 109 iliyoegeshwa mlimani na kutangaza kwamba magari haya hayana hendibreki. Nimeyasikia Arusha, nimeyasikia Lushoto, nimeyasikia hata kwa watu waliosomeshwa kwa fedha za gari hilohilo. Land Rover ya zamani inayo breki ya mkono, tena inashika kwa nguvu kuliko ya magari mengi ya leo. Kinachowachanganya watu ni kwamba breki hiyo haigusi tairi hata moja.

Nitafika huko. Kwanza usukani, maana kwetu usukani wa kulia tunauona kama jambo la kuzaliwa nalo, na hatuulizi ulifikaje pale.

Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, usukani wake ulikuwa katikati. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia jeep ya Willys iliyobaki vitani katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales, akaona kampuni yake inaweza kuunda gari la namna ile. Dereva alikusudiwa akae katikati, kama kwenye trekta, ili gari lilelile liuzwe kwa wanaopita kushoto na kwa wanaopita kulia. Haikufaa, ikaachwa. Lakini Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, alama za wazo lile zilikuwemo. Saa za dashibodi zilikaa katikati, na ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva uliundwa uweze kupokea usukani na pedali upande wowote. Kwa miaka zaidi ya 20 dereva wa kulia alisoma mwendo wake kwa kugeuza macho kushoto, na wa kushoto kwa kuyageuza kulia. Modeli ya Series III ya mwaka 1971 ndiyo iliyozisogeza saa hizo mbele ya dereva.

Kwa hiyo usukani wa kulia katika Land Rover ni uamuzi uliofanywa mwishoni, na ukikaa kwenye kiti chake utahisi. Mbele walipangwa watu watatu, hivyo dereva amesukumwa hadi mlangoni na kiwiko chake cha kulia hakina pa kukaa isipokuwa dirishani. Vioo havishuki, vinasogezwa mbele na nyuma. Katika modeli nyingi tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele upande wa kulia, maana yake kwetu dereva ameketi juu ya petroli yake. Asiyejua hilo na akawasha sigara wakati wa kujaza mafuta anacheza na roho za watu. Mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi zote za katikati: gia, kirungu cha njano cha kuunganisha ekseli ya mbele, na kile chekundu cha gia nzito. Aliyezoea gari la otomatiki huchoka bega la kushoto kabla hajachoka mguu.

Gia za modeli zilizoitangulia Series III, yaani Series II na IIA, zinadai utaratibu wake. Ya kwanza na ya pili hazina singo, yaani pete za kulinganisha mwendo wa meno, kwa hiyo ukirudi chini kutoka ya tatu unakanyaga klachi, unaweka nyutro, unaachia klachi, unaongeza moto kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukikosea, gia inalalamika kijiji kizima kisikie. Series III ilipata singo kwenye gia zote nne za mbele, na madereva wa zamani wakasema vijana wameharibiwa. Mimi nasema hivi: aliyejifunza kwenye zile za zamani hupanda Usambara na mzigo bila kuitesa injini, kwa kuwa sikio lake limeshajua injini inataka gia gani.

Usukani wenyewe hauna msaada wa haidroliki, na una uchezaji kidogo kabla haujashika. Mgeni huufuata kila unapocheza, gari likayumba barabarani kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenyeji huushika kwa utulivu na kuliacha gari lijinyooshe. Vidole gumba vinabaki nje ya duara, haviingii ndani kamwe. Tairi la mbele likigonga jiwe, usukani huruka kwa kishindo, na spoku inaweza kukuvunja kidole.

Sasa hendibreki.

Katika magari mengi ukivuta breki ya mkono, waya hukaza breki shuu ndani ya dramu za tairi mbili za nyuma. Kila tairi inashikwa peke yake. Land Rover haifanyi hivyo. Nyuma ya transfa, yaani ile gia boksi ndogo inayofuata ile kubwa, kuna dramu moja tu, imefungwa pale shafti inapotoka kwenda nyuma. Ukivuta mkono unaikamata propela shafti. Shafti haizunguki, difu haizunguki, gari halitembei.

Uzuri wake uko kwenye hesabu ya difu. Difu ya Series ina uwiano wa 4.7 kwa 1: propela shafti huzunguka karibu mara tano ili tairi lizunguke mara moja. Nguvu inayoishika shafti inafika kwenye tairi imezidishwa kwa kiwango hichohicho. Ndiyo maana dramu moja ndogo inalizuia gari lenye tani mbili na zaidi, pamoja na mzigo wake, kwenye mlima ambao magari mengine yanahitaji mawe. Breki hiyo pia iko juu kuliko ekseli, hivyo tairi zikiwa ndani ya maji na matope yenyewe iko mbali kidogo na balaa.

Gharama ya mpango huo ni mambo matatu, na yote matatu huitwa ubovu.

La kwanza ni ule msogeo. Ukivuta hendibreki na kuachia breki ya mguu, gari linasogea kidogo, unasikia mlio chini, ndipo linatulia. Ni nafasi ndogondogo za meno ya difu, za hafu shafti na za viungo vya propela zinazojazwa. Abiria hushtuka na kuruka nje. Gari limeshashika.

La pili ni oili. Dramu imekaa mlangoni mwa transfa, na sili ya oili pale ikichoka, oili inamwagikia breki shuu moja kwa moja. Breki inayoteleza kwa sababu hiyo haitatibiwa kwa kukaza waya. Fundi anayekaza waya kila mwezi bila kufungua dramu anakula pesa yako bure. Badilisha sili, safisha dramu, weka shuu mpya.

La tatu ndilo linaloua. Difu iliumbwa iruhusu tairi la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Propela ikiwa imefungwa, difu bado inaruhusu tairi moja lizunguke mbele endapo jingine litazunguka nyuma. Tairi zote mbili zikiwa chini hilo haliwezekani, ardhi inazikatalia. Lakini pata pancha ya nyuma kwenye mteremko, vuta hendibreki, piga jeki. Mara tu tairi lile linapoacha ardhi, liko huru kuzunguka upande wake, na lililobaki chini liko huru kuzunguka upande wa pili. Gari linaondoka juu ya jeki huku hendibreki imevutwa hadi mwisho, na aliye chini yake ni wewe au kijana uliyemwita akusaidie. Hafu shafti ya nyuma ikivunjika ni yaleyale: umepoteza mvuto wa nyuma na breki ya mkono kwa pamoja, hata kama dramu ni mpya.

Dawa iko kwenye mkono wa kushoto wa dereva. Kabla ya kupiga jeki, bonyeza kirungu cha njano chini. Sasa ekseli ya mbele imeungana na ya nyuma, na kwa kuwa Series haina difu ya katikati, breki inayoishika shafti ya nyuma inaishika na ya mbele. Tairi mbili za mbele ziko ardhini, haziwezi kuzunguka kinyume, gari linakaa. Kama habu za mbele ni zile za kufungua na kufunga, hakikisha umezifunga, maana bila hivyo kirungu umekibonyeza bure. Kwenye Defender, ambayo ina difu ya katikati, unaifunga hiyo difu. Kisha weka mawe mbele na nyuma ya tairi zilizo chini. Na usivute hendibreki hii gari likiwa katika mwendo: mshtuko wote unaishia kwenye hafu shafti, ambazo katika Series ni nyembamba na tayari zina sifa ya kukatika.

Hayo yangepaswa kufundishwa kila mahali linapofundishwa somo la udereva wa gari za vijijini. Hayafundishwi. Kijana anakabidhiwa ufunguo na neno moja, kwamba gari hili halina breki ya mkono.

Lipo somo jingine la usukani wa kulia, nalo liko mpakani. Ukitoka Ngara ukavuka mto Kagera pale Rusumo, unaingia Rwanda na unahamia upande wa kulia wa barabara. Kwa Burundi unahama hivyohivyo ukishapita Kabanga. Gari ni lilelile, lakini kila kitu kimegeuka. Nyumbani korongo lilikuwa upande wa kushoto, mbali na dereva, na ilibidi akisie. Huku korongo liko chini ya kiwiko chake, analiona waziwazi, na kwenye barabara nyembamba za milimani hiyo ni faida kweli. Asichokiona ni gari linalokuja. Nyuma ya lori la tangi, aliyeketi kulia haoni kitu kabisa, na macho yanahamia kwa utingo aliye kushoto. Utingo ndiye anayesema nenda au subiri. Mchague mtu asiyeona haya kusema subiri.

Taa nazo hugeuka. Taa za gari letu zikiinamishwa hutupa mwanga zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo wetu. Ng'ambo ya Rusumo upande huo ndio wenye macho ya wanaokuja. Katika magari mapya kubadilisha taa nzima ni mshahara. Land Rover ya zamani ina taa za duara za inchi 7, zinatengenezwa kwa pande zote mbili, na kuzibadilisha ni kazi ya bisibisi.

Uongo mwingine ninaotaka ufe ni kwamba Land Rover haiozi. Bodi yake ni aloi ya alumini, kwa kuwa baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Chasisi ni chuma, mabati yaliyounganishwa kuwa boksi, na boksi huoza kuanzia ndani. Tena pale alumini inapokutana na chuma kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe kuzunguka boliti. Tanga, Bagamoyo na Mombasa chumvi huharakisha yote mawili. Gari linang'aa kwa rangi mpya huku chasisi unaitoboa kwa bisibisi. Osha chini, toa udongo uliojazana kwenye pembe za chasisi, pitisha grisi au nta ndani. Mtindo wa kupuliza oili chafu hadi inadondoka ardhini siupendi, unaponya gari na kuua kisima.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwenye tamasha la magari hayo, na watu walifurahi kwa haki. Lakini nyuma ya ofisi na vituo vingi vya umma zipo zilizoegeshwa chini ya miembe, mizabibu ya porini imepita madirishani, zikisubiri mnada unaochelewa mpaka kinachobaki kuuzwa ni uzito. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania hulitoza gari kuukuu kodi ya ziada, kwa hiyo nyingi ya zile tutakazokuwa nazo ndizo zilizopo tayari. Marekani gari likitimiza miaka 25 linaingia bila masharti ya usalama ya magari mapya, na wapo huko wanaonunua la usukani wa kulia na kujifunza gia kwa mkono wa kushoto ukubwani. Sisi tunazipeleka kwa skrepa zikiwa na transfa nzima, difu nzima na milango isiyo na kutu. Ziuzwe mapema, zingali zinawaka, kwa mafundi watakaozitumia. Na vyuo vya ufundi vipewe moja moja: hakuna gari bora la kumwonyesha mwanafunzi difu inafanya nini.

Na kazi za Land Rover? Nyuma kulikuwa na mahali pa kuchukulia nguvu ya injini, ukazungusha msumeno au pampu ya maji. Mengine mnayajua: kupeleka wagonjwa, kuvuta ng'ombe aliyekwama, doria ya wanyamapori, chanjo, masanduku ya kura, mapipa ya maji, mahindi, mbao, maharusi, misiba, na siku ya mnada abiria kwa magunia.