Pindo la Mfarishi wa Askari Mstaafu

Kazi nyingi za kushona kwa hisani hukwama mahali pamoja. Vipande vimekatwa na kuunganishwa, uso wa mfarishi umependeza, watu wameushangilia na kuupiga picha. Kisha unakunjwa na kutiwa sandukuni, usubiri mtu wa kuumalizia. Mtu huyo asipopatikana, mzee aliyekusudiwa hapati kitu.

Mfarishi ni shuka nzito ya matabaka matatu: uso wa vipande, tabaka la kati, na mgongo. Mishono inayopenya matabaka yote ndiyo inayoyashika yasiachane, na ukanda unaofunika kingo nne ndio unaoufanya udumu. Haya mawili ya mwisho ndiyo nitakayoyakalia zaidi, maana uso wa vipande hata mwanafunzi wa cherehani huuweza. Kingo ndizo zinazovutwa, zinazokanyagwa na kufuliwa kwa nguvu, na katika pwani ya Lindi, penye unyevu na chumvi hewani, mfarishi wenye kingo dhaifu haumalizi misimu mingi.

Kumshonea askari mfarishi ni desturi ya zamani. Wakati wa Vita vya Krimea, miaka ya 1850, askari wa Uingereza waliojeruhiwa walishona wenyewe wakiwa vitandani. Mchoraji Thomas Wood alimchora mmoja wao, Thomas Walker, akiunganisha vipande vya nguo za sare za jeshi. Katika Vita Kuu ya Pili wanawake wa Kanada walishona mifarishi kwa maelfu kupitia Msalaba Mwekundu, ikavushwa bahari hadi Uingereza. Na mwaka 2003 Catherine Roberts wa jimbo la Delaware, Marekani, ambaye mwanawe alikuwa vitani Iraq, alianzisha Quilts of Valor, taasisi ambayo hadi sasa imewakabidhi askari na wastaafu mifarishi zaidi ya 300,000.

Kwangu la kuigwa hapo ni utaratibu wa taasisi hiyo, kuliko hata wingi huo. Uso peke yake hauhesabiwi kuwa zawadi. Aliyeunganisha vipande, kama hawezi kuendelea, humpelekea mwingine ashikize matabaka, naye humpa wa tatu aweke ukanda, na majina ya wote huandikwa kwenye lebo inayoshonwa mgongoni. Kazi imegawanywa kwa namna ambayo kukwama kwa mmoja hakumnyimi mzee haki yake. Vikundi vyetu vya kina mama, ambavyo tayari vinajua kucheza mchezo wa kupokezana fedha, vinaweza kupokezana na mfarishi.

Wanaostahili wapo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, vijana walitoka kila mkoa, wengi wakiwa mgambo, na baadhi walikuwamo katika safari ile hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Nachingwea, ndani ya mkoa huuhuu wa Lindi, ndiko FRELIMO ilikowafunza wapiganaji wake kabla ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975. Jirani kwetu, Naliendele, Mtwara, wamelala mashujaa wetu waliofia Msumbiji katika miaka ya 1980. Wenzao waliorudi hai wamezeeka, na wajane wa wasiorudi nao wapo. Mjane wa askari asiachwe nje ya orodha.

Watu husema pwani hakuna baridi. Mzee anayelala kitanda cha kamba alfajiri ya Julai, kusi ikivuma, ana habari nyingine. Ila baridi yake ni ya saa chache na ni nyepesi, kwa hiyo mfarishi mnene wa nchi za theluji utamchosha, na ukilowa hautakauka. Mfarishi wa hapa kwetu Kilwa uwe mwembamba. Msimu nao unasaidia: nyuso ziunganishwe wakati wa masika, watu wakiwa ndani, mvua zikikatika Mei au Juni, matabaka yashikizwe na kufuliwa juani, na Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, inakuta kazi imekamilika na baridi ikiwa bado ipo.

Tuingie kwenye kitambaa. Chini ya kila cherehani, iwe Kilwa Masoko, Kivinje au Lindi mjini, kuna vipande ambavyo fundi hufagia na kutupa. Viombe, lakini usivichanganye ovyo. Chomoa nyuzi chache uziwashe kwa kiberiti: pamba huungua ikaacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua, na polista huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Vitenge vingi vya bei ndogo siku hizi ni polista. Havinyonyi jasho na havipigiki pasi ya moto pamoja na pamba, kwa hiyo viweke kando. Kisha fua kila kipande kabla ya kukikata, ili wanga utoke na kitambaa kisinyae mapema. Chekundu na cheusi visuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kinachochuja rangi kifuliwe tena na tena, na kikiendelea kuchuja hakifai.

Angalizo jingine ni la kisheria. Wale askari wa Krimea walitumia sare zao, na mtu anaweza kudhani kombati kuukuu ndiyo kitambaa cha heshima kuliko vyote. Hapa Tanzania raia haruhusiwi kuvaa wala kukaa na sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ liliwapa raia siku 7 kuzisalimisha. Usimletee mzee matata. Kijani, nyeusi, buluu na njano za bendera zinatosha kusema ametumikia nchi.

Vipimo vyangu ni hivi. Kata miraba ya sentimita 16, acha robo tatu ya sentimita kila upande kwa mshono, uipange 9 kwa 13. Miraba 117 inakupa uso wa sentimita 130 kwa 188 hivi. Nimeuchagua ukubwa huo kwa ajili ya mgongo, kwa sababu mgongo bora kwa pwani hii ni doti moja ya kanga. Kanga ina karibu sentimita 150 kwa 110. Vipande viwili vikiunganishwa kwa upande mrefu vinatoa mgongo wa 150 kwa 218, wenye ziada pande zote, na ziada hiyo inahitajika kwa kuwa matabaka hujivuta wakati wa kushikizwa. Usiipinde kanga kwanza. Vipande vyote viwili vielekee upande mmoja, maandishi yasije yakasimama kichwa chini. Na jina la kanga lisomwe vizuri kabla ya kulinunua: dua, shukrani, au neno la subira. Kanga ya mafumbo ya mtaani isimfunike mtu aliyekwenda vitani.

Tabaka la kati ndilo linalowaponza wengi. Msufi upo pwani kote na sufi yake ni laini, lakini nyuzi zake huteleza, hazishikani. Mfarishi wa sufi ukifuliwa mara chache utakuta mabonge pembeni na utupu katikati. Sufi ibaki kwenye mito. Pamba ya kuchambua hushikana vizuri, mradi isizidi unene wa kidole na mishono isiachane zaidi ya sentimita 5.

Pamba ina mizizi mirefu hapa Kilwa. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alikuta vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, ambavyo wenyeji walivitumia kusokotea uzi karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika. Mjerumani alipokuja aliigeuza pamba kuwa kazi ya shuruti, na Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche shambani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Nikishika pamba katika wilaya hii ili nimshonee mpiganaji, moyo wangu unafurahi kwamba safari hii hakuna aliyelazimishwa.

Hata hivyo, kwa joto letu napendelea zaidi kanga kuukuu katikati, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini. Haisogei, hukauka upesi, na hupatikana kila nyumba. Wanaonithibitishia kwamba inatosha ni wanawake wa Kisidi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakipitishwa Goa na Wareno. Wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo zilizochakaa. Profesa Henry Drewal wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliishi nao na kuwasaidia kuuza kazi zao. Hawaunganishi uso kwanza. Hutandika mgongo, huanza kwenye pembe moja, hukunja kingo za kipande, hukishona kwa sindano ya mkono kupenya mpaka chini, kisha kingine, wakizunguka ukingoni na kuingia ndani taratibu mpaka wakutane katikati. Kila mshono unafanya kazi mbili kwa pamoja, kuunganisha na kushikiza. Kwa njia hiyo hauwezi kubaki uso mtupu sandukuni, na kingo zinakuwa za kwanza kupata nguvu ya mshonaji angali hajachoka. Haihitaji meza wala fremu, mkeka unatosha. Kwa kikundi kisicho na cherehani ningeshauri njia hii kabla ya nyingine zote.

Na kazi ya mkono inayotakiwa hapo si ngeni kwetu. Anayeshona kofia ya viua anashikiza vitambaa viwili kwa mishono midogo kuliko punje ya mtama. Mikono hiyo ikipewa mfarishi italazimika kulegeza tu, maana mishono mitatu kwa kila sentimita mbili inatosha.

Anayefuata njia ya uso uliounganishwa atandike mgongo sakafuni, auvute uwe sawa bila kuukaza, alaze tabaka la kati, kisha uso, na apige bandi za uzi mrefu kutoka katikati kwenda nje. Asianzie pembeni. Ukianzia pembeni unafungia hewa na mikunjo katikati, na mkunjo ulioshonewa ndani hautoki kwa pasi. Mishono ya kushikiza nayo ifuate mwelekeo huohuo, kisha bandi zichomolewe.

Sasa ukanda. Mzunguko wa mfarishi huu ni sentimita 638. Ongeza 30 za pembe na maungio. Kata kanda 7 za upana wa sentimita 6 kutoka kitenge cha pamba, na uziunge kwa mshazari, kwa sababu ungio la mshazari hutawanya unene, la moja kwa moja hulundika mahali pamoja na kupasuka mapema. Ukunje kwa urefu, ubaki sentimita 3 wa mikunjo miwili, ushone usoni kwa cherehani, kisha uupindue mgongoni na kuumalizia kwa mkono kwa mishono ya kuficha. Mikunjo miwili ndiyo siri yenyewe: wa juu ukilika, wa chini bado unafunika. Pembe zikunjwe ziwe kali, zishonwe mpaka ndani. Wasidi huzitilia pembe vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, tabaka juu ya tabaka, ambavyo wao huviita maua, na mfarishi usio navyo huhesabiwa kuwa uchi. Mtu anayejifunika hukamata pembe kwanza, kwa hiyo pambo hilo lina nguvu pia.

Kabla ya kukabidhi, ufue. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Chumvi ikibaki kwenye kitambaa huvuta unyevu hewani, na mfarishi utakuwa na ubichi kila jioni. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba, yasiyo na chumvi, na uanike mgongo ukiwa juu ili jua lisifubaze uso.

Lebo idariziwe kwa uzi, kwani wino hufutika. Iandikwe jina la mzee, miaka aliyotumikia, mahali alipopigana kama anaridhia, na majina ya walioshona. Muulize kwanza. Wapo wasiotaka Kampala itajwe kitandani mwao kila usiku, na hilo ni lao. Siku ya kukabidhi, kijana au mtoto wa nyumba ile ayasome maandishi hayo kwa sauti, kisha mzee afunikwe mabegani. Kumwekea mfuko mlangoni na kuondoka ni kumpa shuka.

Ukanda huchakaa kwanza upande wa kichwani, ambako mfarishi huvutwa usiku kucha na kushika jasho la shingo. Kwa hiyo kata kanda 9 badala ya 7. Mbili za ziada zinatosha kubadilisha upande huo wote. Zikunje, ziviringishe pamoja na uzi wa rangi yake, na umkabidhi binti au mjukuu anayefua nguo za mzee, ukimwonyesha hapohapo mahali pa kuanza kufumua.