Kidole Kabla ya Kalamu: Watoto wa Tanga na Vishikwambi

Mwishoni mwa mwaka 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga walianza kupewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE, likishirikisha UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Hakuna mwalimu aliyewasimamia. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Sifa zimeiendea programu, nao mkono umesahaulika. Atumiaye kipanya husogeza mkono mezani, huku macho yakiufuata mshale mahali pengine. Ubongo wa mtoto huchukua muda kuunganisha mambo hayo mawili. Kibodi nayo humdai herufi asizozijua bado. Kwenye kioo cha mguso, kidole na picha hukutana mahali pamoja.

Hata hivyo, kugonga si kuburuta. Mtoto mdogo akiburuta picha, kidole huinuka njiani, nayo picha hurudi ilikotoka. Pengine kiganja hulala juu ya kioo, au dole gumba lililoshika ukingo huligusa jambo lisilokusudiwa. Mashine huandika kosa, na mzazi husema mwanawe ni mzito wa kuelewa.

Mhudumu wa afya anayeletewa mtoto wa namna hiyo amwonyeshe picha zilezile kwenye karatasi, amwombe azioneshe kwa kidole. Akizionesha sawasawa, huenda tatizo liko mkononi au kwenye kifaa, si akilini. Anayesogeza uso karibu mno na kioo apimwe macho. Aliye chini ya mwaka mmoja na anayetumia mkono mmoja tu afikishwe hospitali bila kungoja.

Watoto wa jaribio lile walikuwa wa umri wa shule. Matokeo yao si hoja ya kumpa mtoto mchanga simu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haupendekezi skrini kabla ya miaka 2, na kuanzia 2 hadi 4 usizidi saa moja kwa siku. Vidole hukomazwa pia na mdako, kuokota kokoto na kusuka ukili.