Mume, Mke na Ndege Waliyoiunda Gerejini

Ijumaa jioni wengi wetu huwaza safari ya basi kwenda kumwona shangazi, au matembezi ya pwani pamoja na watoto, na tukirejea Jumapili tumechoka kuliko tulipoondoka. Huko Marekani wako wafanyakazi, mafundi wa umeme, walimu, wauguzi, ambao siku ya Jumamosi hufungua mlango wa banda, husukuma nje kwa mikono yao ndege ndogo ya viti viwili, kisha mume na mke hupanda wakaenda kulala kisiwani. Ndege yenyewe hawakuinunua ikiwa kamili. Waliiunda nyumbani, mahali ambapo jirani zao huweka gari.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba haya ni maskhara ya watu waliokosa kazi. Sheria ya Marekani inamruhusu raia kuunda ndege kwa ajili ya kujielimisha na kujiburudisha, mradi zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na watu wasiolipwa. Mkaguzi akiridhika, ndege hupewa hati na huandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya majaribio. Ndani yake hubandikwa tangazo la kumwonya abiria kuwa chombo hiki hakitimizi masharti ya usalama yanayotakiwa kwa ndege za kawaida. Kisha rubani huagizwa kuruka saa 25 au 40 za kwanza bila abiria, katika eneo maalumu. Yaani mke aliyekesha miaka akishika taa na nyundo husimama chini akitazama juu, zamu yake haijafika.

Michezo hii ina chama chake, EAA, kilichoanzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin na Paul Poberezny. Watu humtaja sana yeye, lakini mkewe, Audrey, ndiye aliyeshughulikia barua na hesabu za wanachama katika chumba cha chini cha nyumba yao. Tangu mwaka 1970 chama hicho hufanya mkutano wake mkubwa kila mwaka mjini Oshkosh, na siku hizi ndege zaidi ya 10,000 hukusanyika katika eneo hilo kwa juma moja.

Hebu tuichukue ndege moja tuitazame: RV-6, mojawapo ya ndege za Richard VanGrunsven wa jimbo la Oregon, ambaye kampuni yake ilianza mwaka 1973. Mteja aliletewa masanduku ya mabati ya aluminiamu, vyuma na michoro. Injini na pangaboi zilikuwa gharama ya pembeni. Kazi yote ilichukua saa 2,000 hivi, na mtu aliyefanya saa 10 kwa juma, baada ya kazi ya mwajiri, alimaliza baada ya miaka minne. Hapo ndipo mambo ya nyumba yanapoingia. Ni miaka minne ambayo gari limelala nje kwenye theluji, meza ya chakula ina michoro, na fedha za likizo zimekwenda kununua ribiti.

Na hizo ribiti ni za watu wawili. Mmoja hushika mashine ya kugonga upande wa nje wa bati. Mwingine huingiza mkono ndani ya bawa na kushikilia kipande cha chuma kizito nyuma ya ribiti ili mkia wake ubonyee sawasawa. Hawaonani. Husemezana kwa neno moja moja: tayari, gonga, nzuri, mbaya. Ribiti ikiharibika huchimbuliwa na kuwekwa nyingine, na ziko maelfu kwa maelfu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna mshauri wa ndoa ambaye angebuni mtihani mkali kuliko huo.

Fedha nazo si jambo la kudharau. Mwezi Desemba 2023 kampuni hiyo ya Oregon iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kulemewa na madeni, na wateja waliokwisha kutoa amana walitakiwa kukubali bei ya juu zaidi ili oda zao ziendelee. Ilitoka katika ulinzi huo mwaka 2024. Lakini fikiri katika nyumba ngapi mume alilazimika kumweleza mkewe kwamba mabawa yapo, mwili wa ndege haupo, na bei imepanda.

Sasa ndege imekwisha, majaribio yamekwisha, na safari ni Jumamosi. Kabla ya mavazi kuna hesabu. RV-6 tupu ina uzito wa kilo 450 hivi, na uzito wa juu kabisa uliowekwa na mbunifu ni kilo 725 hivi. Zimebaki 275. Mafuta, lita 144, ni kilo 104. Zimebaki 171. Bwana ana kilo 85, Bibi kilo 70. Kwa hiyo mizigo yote ya mapumziko, viatu, sweta, vipodozi, zawadi za kurudi nazo, isizidi kilo 16, na kila kitu hupimwa kwenye mizani. Jambo ambalo wasafiri wa basi hatulijui ni kwamba mahali pa mzigo ni muhimu kama uzito wake. Begi hukaa nyuma ya viti, na mafuta yako mbele kidogo katika mabawa. Kadiri mafuta yanavyoungua ndivyo uzito unavyoelemea mkiani. Mzigo uliokuwa salama wakati wa kuruka waweza kuifanya ndege kuwa ngumu kuitawala wakati wa kutua.

Tuseme wanaondoka Oshkosh kwenda kisiwa cha Mackinac, kilichoko mahali ambapo ziwa Huron linapokutana na ziwa Michigan. Kwa barabara ni karibu kilomita 500 kuzunguka ziwa, na mwishoni ni kupanda boti. Kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 370. Rubani mwenye busara hafuati mstari huo hadi mwisho. Injini ni moja, maji ya kule ni baridi, na ndege iliyozimika ikiwa mita 2,000 juu itateleza kilomita 15 tu au zaidi kidogo. Hivyo huambaa na ufuo upande wa kaskazini hata waione daraja kubwa la Mackinac, lenye urefu wa kilomita 8, lililofunguliwa mwaka 1957, kisha huvuka pale maji yalipo membamba. Wakiondoka saa mbili asubuhi watatua kama saa tatu na nusu. Ila saa za kisiwani ziko mbele kwa saa nzima.

Na hapo wakutane na kichekesho. Watu waliofika kwa mtambo waliouunda wenyewe wanashuka mahali ambapo magari yamepigwa marufuku tangu mwaka 1898! Teksi ya uwanjani ni gari la kukokotwa na farasi. Aliyewahi kufika Lamu akawaona punda wakifanya kazi ya malori hatashangaa sana. Kisiwa hakizidi kilomita 10 za mraba, barabara ya kukizunguka ni kilomita 13, na wageni huimaliza kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana. Iko hoteli kongwe ya mwaka 1887 yenye baraza ndefu ajabu, na maduka ya peremende za maziwa na sukari ambazo harufu yake hushindana na ile ya farasi. Ni mahali pazuri pa watu wawili kuketi bila kelele ya nyundo.

Jambo gumu huja Jumapili, kwani Jumatatu ni kazi. Mawingu yameshuka juu ya ziwa, na mwajiri hajui habari za mawingu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani wanafunzi 20 wasiozoea kuruka kwa kutazama saa za mtambo peke yake, wakaingizwa katika hali kama ya wingu. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Wastani wa muda waliodumu ulikuwa sekunde 178, chini ya dakika tatu. Sikio la binadamu humwambia amenyooka naye anazunguka kuelekea chini.

Ijumaa, tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo, mwana wa Rais wa zamani, aliruka usiku kuelekea pwani ya Massachusetts pamoja na mkewe Carolyn na shemeji yake Lauren, wakienda kwenye arusi ya ndugu. Kulikuwa na ukungu mwepesi juu ya bahari. Wote watatu walikufa. Wachunguzi walisema rubani alipoteza mwelekeo. Ndege ile ilitoka kiwandani, haikuundwa nyumbani. Ajali ya mwimbaji John Denver, tarehe 12 Oktoba 1997, ndiyo ilikuwa ya ndege ya nyumbani. Aliyeiunda alikuwa ameiweka koki ya kubadili tangi la mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani, mahali tofauti na mchoro. Denver alikuwa ameinunua karibuni, akaruka na mafuta machache, na wachunguzi walieleza kwamba alipogeuka kuifikia koki hiyo ndege ilimponyoka. Ndiyo sababu anayenunua ndege iliyoundwa na mwingine hana budi kujifunza upya, hata akiwa rubani wa siku nyingi.

Kwa hiyo wako wanandoa waliowekeana sharti: mmoja akisema haturuki, haturuki, wala haulizwi sababu. Wako pia wake na waume waliohudhuria mafunzo mafupi ya kuitua ndege ikiwa rubani ataugua angani, hata kama hawana nia ya kuwa marubani. Jumapili ya mawingu, Bibi akitikisa kichwa, ndege hufungwa kwa kamba uwanjani, farasi huwateremsha hadi gatini, boti huwavusha, nao hutafuta gari la kukodi. Kilomita 500 za usiku, begi la kilo 16 kiti cha nyuma. Jumatatu asubuhi wote wawili wapo kazini, macho mekundu, na Jumamosi inayofuata itabidi warudi kuichukua.